Mbeleko ya Nyumba ya Thalathini na Moja

Shuka jeupe lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye ukuta wa darasa la skuli ya maandalizi, na juu ya shuka hilo zikasimama nguzo arubaini za rangi, fupi, fupi, ndefu kidogo, fupi tena, kama meno ya kitana kilichochakaa. Moja tu ilipanda peke yake. Ilikuwa nyekundu na ilikaribia dari. Chini yake iliandikwa 31.

"Kila nguzo ni nguo moja," alisema Dokta Farheen, mtafiti aliyetoka Dar es Salaam na kusomea ng'ambo, akielekeza kwa kijiti. "Urefu wake ni kiasi cha kinyaa tulichokiona kwenye ubongo wa watu walioinusa. Majina hamna humu, ni namba tu. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Hakuna anayejua nguo ipi ni ya nani."

Kichwa kimoja baada ya chengine, watu wakageuka kutazama safu ya nyuma.

Namba zile kila mtu alizijua. Zilikuwa juu ya milango yao, zimeandikwa kwa rangi nyeusi na watu wa kupuliza dawa ya mbu. Watoto wa kijiji hiki cha Wingwi hujifunzia kuhesabu kwa kupita nyumba hadi nyumba. Mtu akituma mzigo husema upeleke nyumba ya kumi na nane, na unafika. Zubeir, kijana wa hapo hapo aliyeajiriwa kuwakusanyia watafiti nguo, alipoambiwa kila nguo aipe namba ya siri, aliinua macho mlangoni akaandika alichokiona. Alidhani amerahisisha kazi, na waliomwajiri hawakumuuliza kitu.

Safu ya nyuma ndiko alikokaa Asya wa nyumba ya thalathini na moja, mwanawe Khairat wa miezi minane kamlalia kifuani. Alihesabu nguzo mara mbili akitumai amekosea.

Miezi mitano nyuma, wanawake arubaini walitoa nguo moja moja. Zikatiwa kwenye chupa za kioo. Watu sitini wa hapo hapo kijijini wakaitwa mmoja mmoja, wakavishwa kofia ya nyaya, wakazibwa macho, wakanusishwa chupa hizo huku mashine ikiandika namna ubongo unavyoshtuka harufu inapoingia puani. Baada ya kila chupa mnusaji alitakiwa kutaja namba, moja mpaka saba, saba ikiwa ndiyo kinyaa cha mwisho.

"Dokta," aliuliza Nyange, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, bila ya kuinuka, "samahani sana. Hiyo ya thalathini na moja, mlipoipokea ilikuwa nguo au ilikuwa mzoga?"

Wakaangua kicheko, watu wazima waliokalia viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Dokta Farheen naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyefundishwa kuwatabasamia wanavijiji.

"Mzee wangu, sisi hatuhukumu. Harufu ni taarifa tu. Na taarifa hizi tumezifungua kwa ulimwengu mzima. Mwanasayansi wa Brazili, wa Japani, wa popote, anaingia kwenye mtandao anazichukua bure. Ndiyo tunaita data huria. Hata nyinyi mna haki nazo. Anwani ipo kwenye karatasi mliyopewa."

Vijana wa safu ya kati walikuwa wameshatoa simu.

Mwishoni watafiti wakatoa shukurani: mche mmoja wa sabuni kwa kila nyumba. Watu wakajipanga. Ilipofika zamu ya Asya, Mize, mke wa nyumba ya thalathini na mbili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Huyo mpeni miwili."

Na msichana aliyekuwa akigawa, asiyejua lolote, akampa miwili.

*

Njiani Bi Mwanapili, mama mkwe wake, alitangulia hatua kumi mbele kana kwamba hawakutoka nyumba moja. Walipoingia uani ndipo alipogeuka.

"Umeniketisha uchi mbele ya watu, Asya."

"Mama, mie nilifuata walivyosema. Fomu niliisoma mwenyewe. Nguo ivaliwe siku tatu, isifuliwe, isifukizwe, isitiwe mafuta wala asumini."

"Na nani mwengine alofuata? Nitajie mmoja."

Asya aliikumbuka asubuhi ile ya kukusanya nguo, moshi wa udi ukifuka kila dirisha, hata wiki ya harusi haukufuka hivyo. Wanawake wameambiwa watoe nguo zichukuliwe na wageni. Nani atatoa nguo ya jasho? Walifua, wakaanika, wakazitandaza juu ya chetezo, na Zubeir alipopiga hodi wakamkabidhi nguo iliyokunjwa pande nne, wakaapa kuwa haijaguswa na maji. Wenyewe hawakuhesabu kuwa wamesema uongo. Kwao ile ilikuwa adabu.

Asya peke yake, aliyekwenda darasa la jioni la watu wazima miaka miwili, mpaka akiwa na mimba na kisha akiwa na mtoto, akarudi na cheti, ndiye aliyeamini kwamba maandishi hukusudia kile kilichoandikwa. Alifungua mgongoni akatoa mbeleko aliyombebea Khairat siku tatu za joto. Ilikuwa na maziwa yaliyochacha, mkojo, mate ya mtoto mchanga, na jasho la mama anayekoroga uji motoni. Aliitia kwenye mfuko wa Zubeir na moyo wake mweupe. Aliona fahari, masikini, kuwa amesaidia elimu.

"Nilikwambia chukua kanga yangu ya mauwa," alisema Bi Mwanapili. "Ukasema wageni hawataki udi. Mgeni hupewa anachostahiki, hapewi anachotaka."

Ahmada, mume wa Asya, alikuwa kainama juu ya Honda ya mtu akifungua mnyororo. Hakuinua uso.

"Ile picha ya nguzo imeshafika kwenye simu," alisema. "Kuna mtu kaitilia duara namba yetu."

"Na wewe umesemaje?"

"Niseme nini? Nimecheka."

"Umecheka?"

"Wenzangu wote pale kijiweni wanacheka, Asya. Ulitaka nilie peke yangu?"

*

Kazi ya kupika uji wa skuli ya maandalizi ilikuwa ya Asya tangu mwaka uliopita. Posho yake haikuwa ya kutajwa. Lakini ndiyo kazi ya kwanza iliyompa jina lake mwenyewe. Kabla yake alikuwa mke wa Ahmada, mkwe wa Bi Mwanapili, halafu mama Khairat. Pale skuli alikuwa Bi Asya. Watoto sabini walimwita hivyo kila asubuhi, na yeye aliwajua kwa vikombe vyao.

Jumatatu alipika kama siku zote, unga wa mtama, tui la nazi, hiliki kidogo. Watoto wakajipanga. Wa kwanza alikuwa binti wa Mize, kashika kikombe chenye kifuniko.

"Mama kasema ninywe cha nyumbani."

Wa pili alibana pua. Wa tatu akabana kwa sababu wa pili kabana. Kufika wa kumi, safu nzima imebana pua, wanacheka, kwao ni mchezo tu. Mmoja aliyekuwa na njaa akanywa vivyo hivyo, vidole puani, uji ukampalia, akakohoa na kuutapika juu ya miguu ya Asya. Kicheko kikazidi. Mwalimu aliyekuwa barazani aliona, akaingia ndani kama aliyeitwa.

Jumanne sufuria lilirudi nusu. Alhamisi lilirudi limejaa hadi masikioni, uji umefanya ngozi juu, nzi wamekwama miguu wakitingisha mbawa. Asya aliumwagia kuku nyuma ya uwa. Mize alikuwa akianika nguo upande wa pili.

"Tazama," alisema, akiiambia kamba ya nguo. "Hata kuku wanafikiri mara mbili."

Asya akaanza kujinusa. Alioga mara tatu kwa siku. Alinusa vidole, alinusa kwapa, alinusa mikono ya gauni kabla ya kufungua mlango. Alimnusa mtoto. Adhuhuri moja alimweka Khairat kwenye beseni akamsugua kwa ule mche wa sabuni, shingo, mikunjo ya mapaja, nyuma ya masikio, akasugua na kusugua, mpaka shingo ya mtoto ikawa nyekundu kama iliyoungua na kilio chake kikakosa sauti. Hapo akasita. Aliitazama sabuni mkononi mwake, nusu yake imekwisha, na hasira ikampanda. Aliitupa chooni yote, ya kwanza na ya pili, akamkumbatia mtoto aliyelowa na kumwomba radhi kwa jina lake.

*

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka kusali, Zubeir alipita mlango wa uani.

"Hodi, dada Asya."

"Kama umekuja kuchukua nguo, zimekwisha."

"Nimekuja kuomba radhi. Zile namba, mie niliona ndo rahisi."

"Rahisi kwa nani, Zubeir?"

Kijana alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Asya akamvutia kigoda.

"Kaa. Nifungulie hiyo data yenu huria niione."

Jadweli lilikuwa kwa Kiingereza, lakini namba ni namba. Mstari mmoja kwa nguo moja. Zubeir alimsomea vichwa vya safu: namba ya nguo, siku ilizovaliwa, ubongo ulishtuka kiasi gani, wanusaji walitaja ngapi. Asya akateremka na kidole mpaka mwisho wa upande wa kulia, penye safu nyembamba iliyojaa tarakimu ya moja.

"Na hii?"

"Hii niliijaza mie. Kila nguo, kabla haijatiwa chupani, nilitakiwa niseme kama ina manukato. Moja ni ndiyo. Sifuri ni hapana."

Moja, moja, moja, moja. Asya alishuka taratibu kama anayesoma msahafu. Kwenye thalathini na moja palikuwa na sifuri. Kisha moja, moja, moja mpaka arubaini.

"Nguo thalathini na tisa zina udi," alisema.

"Naam."

"Dokta kaliona hili?"

"Kaliona. Nilimwonesha mwenyewe." Zubeir alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Alisema tukizitupa hizo, utafiti umekufa, inabaki nguo moja. Basi hiyo safu hakuipigia hesabu. Ila kaiacha humo humo, kwa sababu data huria haifichwi kitu. Anayetaka kuiona ataiona."

"Na kwenye shuka lile pale skuli?"

"Pale hakuiweka. Alisema itawachanganya watu."

Asya aligusa kioo cha simu, ukurasa ukahama. Jadweli jengine, hili la wanusaji. Nao walikuwa na namba za milango, zimeongezwa herufi.

"Huyu 31A ni nani?"

"Dada, hilo liwache." Zubeir alinyoosha mkono kuchukua simu. Asya akaisogeza mbali.

Wakati huo huo Ahmada aliingia, kanzu nyeupe, kofia mkononi, na nyuma yake harufu nzuri ya watu wa msikitini.

"Ulitoa saba," Asya alimwambia.

"Saba gani tena?"

"Chupa yenye mbeleko ya mwanao. Wote wengine sita, tano, sita. Wewe saba."

Ahmada alimtazama Zubeir, Zubeir akawatazama kuku.

"Nilizibwa macho, Asya! Ningejuaje kama ni yako?"

"Ndo hapo. Miaka minne unalala ubavuni pangu, na pua yako hainijui."

"Pua haina ndoa," alisema Ahmada, kwa haraka, kwa ulimi wa kijiweni. Na pale pale akajua kuwa kauli ile haitafutika. Zubeir alikuwa ameshavaa kandambili moja, ya pili kaishika mkononi, anatoka.

*

Kamati ilikutana Jumamosi alasiri kwenye baraza ya skuli. Nyange alikuwa na daftari la mahudhurio na sauti ya upole aliyoiandaa nyumbani.

"Bi Asya, hapa hakuna anayesema wewe mchafu. Asijesema mtu kuwa kamati imesema. Kilichosema ni kipimo. Na wazee wana wasiwasi. Sufuria linarudi limejaa, wewe mwenyewe shahidi."

"Naomba kusema, Mzee."

"Sema, mwanangu."

Asya alisimama na daftari lake la darasa la jioni. Alikuwa amekaa nalo siku nzima akinakili ile safu nyembamba kwa mkono. Khairat alikuwa mgongoni, kichwa kimemwangukia upande.

"Nyumba ya kwanza: udi," alisoma. "Nyumba ya pili: udi. Ya tatu: udi. Ya nne: udi."

Mwanzoni hawakuelewa. Alipofika ya tisa wakaelewa. Mwanamke mmoja alianza kukunja upindo wa kanga yake, mwengine akashughulika na mtoto ambaye hakuwa na shida yoyote.

"Inatosha," alisema Nyange.

"Haitoshi, Mzee. Ya kumi na mbili: udi."

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Nyange. Akaandika kitu daftarini ambacho hakikuwa neno.

Alizisoma zote arubaini, na alipofika thalathini na moja akasema "hapana" kwa sauti ile ile, akaendelea. Kisha akafunga daftari.

"Tuliambiwa nguo isifukizwe, nyote mkaapa. Zenu zilipimwa moshi. Yangu ndo nguo peke yake iliyopimwa nguo. Mngetoa zenu kama nilivyotoa yangu, pale ukutani pangekuwa na nguzo arubaini ndefu. Hilo tu. Naomba niendelee na uji wangu."

Kwa muda wa pumzi mbili alikuwa ameshinda. Lilionekana kwenye nyuso zao. Nyange alifungua mdomo, na pengine angesema basi yaishe. Aliyemtangulia ni Mize.

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri nini?"

"Kwamba ulimpa mwanamme wa watu nguo ya mkojo mkononi. Kwa kujua. Hukusahau, hukudanganywa, ulijua." Mize hakuwa akipiga kelele, alikuwa akizungumza na wanawake, si na Asya. "Siye tulidanganya, naam, naiandikwe. Tulidanganya kwa haya. Yeye kasema kweli, na haya hana. Sasa nambieni, jamani. Uji wa wanangu nimpe yupi apike?"

Vichwa vikaanza kukubali, kimoja, viwili. Si kwa chuki. Wengi wao walikuwa wakimpenda Asya. Lakini neno la Mize liliwavua aibu yao likawavisha sifa, na nani huikataa nguo hiyo ikiwa mkononi mwake?

Bi Mwanapili, aliyekuwa kakaa pembeni na wazee wenzake, ambaye wiki nzima hakumwambia mkwewe neno jema, aliinuka kwa fimbo yake.

"Mize. Huo udi wa haya zako ulitoka wapi? Si ulikuja kwangu kuniomba vumbi la udi, wewe na nusu ya hawa? Nilichota kikasha kizima nikakugawieni. Leo mnamkalia mtoto kwa udi wangu?"

Mmoja wao alimsogezea mkeka ili akae. Huo ndio uliokuwa wema wote wa siku ile.

"Bi Asya atapumzika kidogo," alisema Nyange, akisoma kama vile ilikuwa imeandikwa tangu juzi. "Mpaka maneno yapoe. Kwa muda, uji atasimamia Bi Mize."

*

Jumanne gari nyeupe ya watafiti ilisimama mbele ya nyumba. Dokta Farheen alishuka na furaha ya kweli usoni, mkoba begani, Zubeir nyuma yake kama mtu anayepelekwa kituoni. Asya aliwakaribisha barazani. Ahmada aliacha baiskeli aliyokuwa akiitengeneza, akasimama karibu ya mlango. Tangu Ijumaa alikuwa akisimama karibu karibu hivyo, bila ya kujua aseme nini.

"Asya, nimekuletea habari nzuri," alisema Dokta Farheen. "Kuna wataalamu wa nchi nyingine walipakua data yetu. Wameichambua upya. Wameandika kwamba nguo thalathini na tisa zimeharibika kwa manukato, na iliyo sahihi ni moja. Unaona faida ya uwazi? Kosa limegunduliwa."

"Kosa la nani?"

"La... sampuli. Sasa tunaanza upya, safari hii mama na watoto wachanga. Namna ubongo wa mtoto unavyopokea harufu ya mama yake. Na mshiriki wa kwanza tunayemtaka ni wewe. Wewe ndiye pekee uliyefuata maelekezo. Sampuli yako ni dhahabu."

Asya aliisikia ile dhahabu. Alimhamisha Khairat kutoka goti hili kwenda jengine.

"Dokta, mie nimetolewa kwenye kazi kwa ajili ya hiyo dhahabu. Twende sote sasa hivi kwa Mzee Nyange, si mbali. Useme kwa mdomo wako hayo ulosema hapa. Kwamba nilifuata maelekezo yenu, na namba za milango mlikosea kuziweka. Watakusikia wewe. Kisha nguo nitakupa."

Dokta Farheen alishusha mkoba.

"Ningependa sana. Lakini siwezi."

"Kwa nini?"

"Kanuni za usiri. Siruhusiwi kuthibitisha mbele ya watu kwamba wewe ndiye namba thalathini na moja. Ni kwa ajili ya kukulinda."

Ahmada alitoa mlio puani. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kucheka upande wa mkewe.

"Watoto wa miaka minne wanaimba thalathini na moja wakipita hapa," alisema Asya.

"Wao wakijua, ni wao. Mimi nikisema, nitakuwa nimevunja siri ya mshiriki. Naweza kupelekwa mbele ya bodi ya maadili ya utafiti."

"Basi ifute."

"Tutatoa toleo jipya lenye namba mpya. Nakuahidi."

"Na la zamani?"

"La zamani linabaki. Lazima libaki, Asya, watu waweze kulinganisha. Ndiyo maana ya uwazi. Na limeshapakuliwa mara mia tatu na kitu, siwezi kulirudisha." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokirihi zaidi, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Alitoa fomu mpya mkobani, akatoa na kalamu, akaviweka juu ya mkeka karibu na mguu wa mtoto. "Soma kwa nafasi yako. Najua unasoma."

Asya hakuigusa fomu. Alikuwa akimtazama Dokta Farheen shingoni. Mtandio wake wa hariri, rangi ya majani mabichi, ulikuwa umeloa jasho la njia mbaya ya Wingwi, umefanya ramani nyeusi chini ya kidevu.

"Nguo yako imo katika zile arubaini?"

"Yangu? Hapana. Watafiti hawamo."

"Basi nipe huo mtandio."

"Huu?"

"Huo. Usiufue. Nitautia kwenye chupa ya achari, niuweke mlangoni pa skuli. Namba sitaandika, nitaandika Dokta Farheen, kwa herufi kubwa. Anayepita anuse, ataje moja mpaka saba. Wa Brazili akija, naye anuse. Bure."

Dokta Farheen alicheka kidogo, akangoja mtu mwengine acheke. Ndani, nyuma ya pazia, Bi Mwanapili alikohoa.

"Mpe tu, mwanangu," alisema bibi kizee kutoka huko huko ndani. "Hata siye tunataka kujifunza."

Asya alinyoosha mkono. Mkono wa Dokta Farheen ulipanda wenyewe shingoni, ukaushika mtandio pale palipolowa, ukaukaza.

"Hapana," alisema. "Huu... samahani. Hiki ni kitu changu binafsi."

"Na ile mbeleko," aliuliza Asya, "ilikuwa ya nani?"

Dokta Farheen alimgeukia Zubeir. Zubeir alikuwa ameshainama, anaiokota fomu na kalamu kutoka kwenye mkeka, na alipoviokota hakumpa mtu. Alivikunja akavitia mfukoni mwake. Nje dereva alikuwa amewasha gari. Asya hakuurudisha mkono wake aliounyoosha.